Nani Anajua Kama Mfereji Bado Unatoa Maji? Historia Fupi ya Wanahabari wa Kujitolea wa Kibera

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana kweli kweli. Leo naweka kando mafunzo ya programu niwasimulie historia kidogo. Msiondoke lakini, tarakilishi zimo humu ndani.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lisilo la kiserikali (jina nalihifadhi) liliniita niwatengenezee hifadhidata ya miradi yao hapa Nairobi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Jedwali moja la miradi, la pili la wafadhili, la tatu la mitaa. Katika lile la miradi niliweka safu za kawaida: jina, mahali, tarehe ya kuzinduliwa, gharama. Halafu nikaongeza safu moja ambayo hawakuiagiza, nikaiita "hali". Majibu yake ni mawili tu: inafanya kazi, haifanyi kazi. Pembeni nikaweka tarehe ya mara ya mwisho mtu alipokwenda kuangalia.

Tulipokutana kukagua kazi, mkubwa wa ofisi aliitazama ile safu, akatabasamu, akaniambia, "Hii tuitoe, kijana. Itatuletea maswali."

Niliitoa. Kodi ya nyumba haingoji mtu. Lakini ile safu haijawahi kunitoka akilini, na ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia swali hili: ikiwa shirika lenyewe halitaki kuijaza, ni nani atakayeijaza? Nilipochimba nikakuta kwamba hapa hapa Nairobi kulikuwa na vijana waliojaribu, bila mshahara, kwa vifaa vidogo sana. Historia yao inatufunza mengi sisi tunaojiita watu wa teknolojia.

Mashirika mengi, habari chache

Kenya ni nchi ya mashirika. Kwa miaka mingi yale makubwa yaliandikishwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 1990, na vile vikundi vidogo vya akina mama, vijana na majirani viliandikishwa na idara ya huduma za jamii. Kila kimoja hutakiwa kuandika ripoti. Lakini ukiangalia ripoti hizo utaona zinasafiri njia moja tu: kutoka ofisini kwenda kwa mfadhili. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mama ambaye picha yake imo kwenye jalada, akiwa ameshika mtungi mbele ya mfereji mpya, haioni kamwe hiyo ripoti.

Magazeti makubwa nayo huja siku ya kukata utepe. Kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna mgeni wa heshima, kuna soda. Mwaka unaofuata mfereji ukikauka hakuna mwandishi anayetumwa, kwa sababu mfereji mmoja uliokauka Gatwekera si habari ya taifa. Ni habari kubwa sana, lakini kwa watu mia tatu tu wanaoutumia.

Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Habari ambayo ni ndogo mno kwa gazeti la taifa, na ni ya aibu mno kwa shirika kujitangazia. Atakayeileta lazima awe mtu anayeishi hapo hapo na ambaye hangoji kulipwa ndipo aiandike.

Redio zilitangulia

Msidhani mambo haya yalianza na intaneti. Mwaka 1982 kituo kidogo cha redio ya jamii kilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kwa msaada wa UNESCO. Watu wa pale walisikia mambo ya kilimo, afya na vikundi vyao kwa lugha yao wenyewe. Hakikudumu. Mwaka 1984 serikali ilikifunga. Hiyo ilikuwa enzi ya sauti moja, na redio ambayo haikudhibitiwa kutoka Nairobi haikuwa na nafasi.

Ikapita karibu miaka ishirini. Mwaka 2004 redio ya Mang'elete ilianza kurusha matangazo kule Ukambani, karibu na barabara kuu ya kwenda Mombasa. Kilichonivutia si mitambo yake bali wenyewe wake: vikundi vya akina mama wa vijijini. Fikirieni jambo hilo. Vikundi visivyo vya faida, ambavyo kwa kawaida huandikwa na watu wengine, vilinunua kipaza sauti chao.

Huku Nairobi, mwaka 2006 vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM, studio yao ikiwa ndani ya kontena la meli. Mwaka 2007 Adam Hussein alianzisha Pamoja FM mtaani Kibera. Redio hizi ndogo za mitaa ya Nairobi ziligawana masafa yale yale, 99.9, kila moja kwa nguvu ndogo isiyofika mbali na mtaa wake. Mtangazaji wa kujitolea alikuwa jirani yako. Akikosea jina la mwenyekiti wa kikundi chako, utamkuta kibandani jioni umrekebishe.

Hilo la kukutana na unayemwandika ni zito kuliko linavyoonekana. Mwandishi wa mjini akikosea, huandikiwa barua. Mwandishi wa mtaani akikosea, hugongewa mlango.

Januari 2008

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 sote tunaukumbuka. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki zilizofuata. Kibera ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoungua, na Pamoja FM ilikaa hewani ikiwasihi vijana waache vita, watangazaji wenyewe wakitoka makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa macho mekundu.

Wakati huo mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akikusanya taarifa za vurugu na kuziandika mtandaoni, mpaka zikamzidi. Mwanzoni mwa Januari 2008 akatoa wazo: hakuna mtu wa programu anayeweza kutengeneza ramani ambapo watu wataweka wenyewe wanayoyaona? Siku chache baadaye Ushahidi ilikuwa tayari. David Kobia ndiye aliyeandika msimbo, na pamoja naye walikuwa Erik Hersman na Juliana Rotich. Walijitolea. Hapakuwa na mkataba wala bajeti.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuitumia: mtu anatuma taarifa kwa arafa, barua pepe au fomu ya wavuti. Taarifa inaingia kwenye foleni. Msimamizi anaisoma, anaitafutia mahali kwenye ramani, anaipa alama ya kuthibitishwa au kutothibitishwa, kisha anaichapisha. Hakuna cha ajabu ndani yake. Ni jedwali, foleni na ramani. Ila safu ile ya "imethibitishwa" ndiyo moyo wa programu nzima, kwa sababu taarifa ambayo hakuna aliyekwenda kuiangalia ni uvumi uliovaa suti.

Msimbo ulitolewa baadaye kuwa huria, kila mtu autumie. Kumbukeni hilo, maana utarudi Kibera baada ya miaka miwili.

Mtaa ambao haukuwa kwenye ramani

Sasa tufike mwaka 2009. Kibera iko kama kilomita tano tu kutoka katikati ya Nairobi. Reli ya Uganda inapita ndani yake. Ilianza mwanzoni mwa karne ya ishirini kama makao ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Ilishafika kwenye filamu, kwenye hotuba za mabalozi, kwenye vipeperushi vya wafadhili wa kila namna. Lakini ukifungua ramani za mtandaoni mwaka huo, unaona doa tupu. Barabara zinafika ukingoni, zinakatika. Ndani, hakuna kitu.

Hata idadi ya watu ilikuwa ni kubahatisha. Maandiko mengi ya kuomba fedha yalisema Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilipotangazwa ikasema 170,070. Watu wengi walibisha kwamba sensa nayo ilipunguza, na ubishi huo una msingi wake. Lakini tazameni ukubwa wa tofauti hiyo. Mamia ya mashirika yalikuwa yakipanga vyoo, zahanati na shule kwa mtaa ambao hawakukubaliana hata kama una watu laki mbili au milioni.

Mwaka huo wa 2009 Erica Hagen na Mikel Maron walikuja na mradi ulioitwa Map Kibera. Maron alikuwa mtu wa OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu anaweza kuihariri. Mpango wao ulikuwa rahisi. Kibera ina vijiji kumi na vitatu: Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Silanga, Laini Saba, Makina, Mashimoni na vinginevyo. Wakatafuta vijana kutoka vijiji hivyo. Wakawapa vipokezi vya GPS vya kushika mkononi na kuwafundisha kuvitumia.

Kazi ilikuwa ya miguu. Kijana anatembea kichochoro kwa kichochoro, kipokezi kinaandika njia, naye anaweka alama: hapa kuna choo, hapa mfereji, hapa kanisa, hapa zahanati, hapa ofisi ya kikundi fulani. Jioni wanakaa kwenye tarakilishi, wanamwaga data ndani ya programu ya JOSM, wanachora mistari, wanaandika majina. Mnamo Novemba 2009, ndani ya wiki chache tu, ile doa tupu ikajaa.

Nataka mwone kwa nini ramani ilitangulia habari. Kibera nyumba hazina nambari. Ukisema "choo cha shirika fulani kimefungwa", kipi? Kile nyuma ya kanisa au kile cha kwa kinyozi? Mashirika yaliweza kuhesabu choo kimoja mara mbili, katika ripoti za wafadhili wawili, na hakuna aliyeweza kusema lolote. Kikishawekwa kwenye ramani kinapata anwani. Na chenye anwani mtu anaweza kwenda kukigonga mlango.

Kamera ndogo na arafa

Mwanzoni mwa 2010 vikaja vitu viwili. Cha kwanza kiliitwa Voice of Kibera, nacho kilijengwa juu ya Ushahidi, ule msimbo niliowaambia mkumbuke. Ramani ya chini yake ilikuwa ile ile waliyoichora wenyewe. Mkazi anatuma arafa, mhariri wa kujitolea anaisoma, anaitafutia mahali, anaichapisha. Cha pili kilikuwa Kibera News Network, kikundi cha vijana waliokuwa wakipiga video fupi na kuziweka YouTube. Gazeti la mtaa, Kibera Journal, lilikuwako pia, likitolewa na shirika la wenyeji liitwalo KCODA.

Video walizipiga kwa kamera za Flip. Wale wakubwa kidogo mtazikumbuka: kikamera cha ukubwa wa simu, kitufe kimoja chekundu, na plagi ya USB inayochomoka ubavuni. Hakuna kanda wala nyaya. Unachomeka kwenye kipakatalishi, unakata, unapandisha. Mtu angeweza kujifunza asubuhi na kurudi na habari jioni. Kwa kazi hii zilikuwa na faida nyingine: ni ndogo. Ukiingia kichochoroni na kamera kubwa begani, watu wanabadilika. Wengine wanakuombea pesa, wengine wanaanza kutoa hotuba, wengine wanajifungia ndani.

Habari zao zilikuwa za mtaa. Moto ulioteketeza nyumba. Mechi ya mpira. Takataka. Bei ya mtungi wa maji. Na kwa kuwa Kibera mambo ya maji, vyoo, shule na dawa yalikuwa mikononi mwa mashirika kwa sehemu kubwa, kila habari ya maisha ya kila siku ikawa habari ya mashirika bila hata kukusudia. Ukipiga video ya foleni ya maji, umeandika habari ya aliyejenga tangi. Ukiuliza watoto wanasoma wapi, umefika kwenye shule ya kijamii ambayo serikali haiitambui.

Tarehe 4 Agosti 2010, siku ya kura ya maoni ya katiba, kikosi hiki kilizunguka vituoni kikiripoti. Baada ya yaliyotokea miaka miwili na nusu kabla, kuripoti kwamba "hapa kuko shwari" lilikuwa jambo kubwa. Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu, walifanya hivyo tena, na wakati huo Mathare nako kulikuwa kumechorwa.

Kwani nani anakulipa?

Hapa ndipo wengi husimulia hadithi tamu, wakafunga. Mimi siwezi, kwa sababu ugumu wenyewe ndio unaotufundisha.

Swali la kwanza ambalo kijana mwenye GPS huulizwa mtaani kama Kibera ni: kwani nani anakulipa? Si swali la dharau. Watu wa mitaa ya mabanda wameulizwa maswali na watafiti tangu zamani, fomu zikajazwa, wageni wakaondoka, na hakuna aliyerudi na majibu. Dawa waliyoipata vijana ilikuwa ya zamani kuliko tarakilishi. Walichapisha ramani kwenye karatasi, wakazirudisha mtaani, wakazitandaza mbele ya watu. Mtu akiona choo chake kimeandikwa mahali pasipo, anakisogeza kwa kalamu. Kwa muda huo, yeye naye ni mhariri.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni la kijana mwenyewe: nile nini? Kujitolea ni neno zuri ukiwa na mshahara mahali pengine. Waliotengeneza Ushahidi mwaka 2008 walikuwa na taaluma na kazi zao. Kijana wa Silanga anayetumia siku nzima kutembea na kamera ameacha kibarua cha siku hiyo, na kibarua hicho ndicho unga wa jioni. Zaidi ya hapo, mashirika yenyewe yameshamzoesha mtu kwamba ukihudhuria mkutano unapewa marupurupu na soda. Kisha anakuja mwingine anasema, hii ni yako, jitolee. Lazima atashangaa.

Swali la tatu ndilo lililonirudisha kwenye ile safu yangu. Kamera zilinunuliwa na nani? Awamu ya kwanza ya Map Kibera ilisaidiwa na Jumpstart International, na iliyofuata ikasaidiwa na UNICEF. Baadaye kikaundwa chombo cha wenyeji, Map Kibera Trust. Maana yake, anayetarajiwa kuyaangalia mashirika kwa jicho kali ni shirika, linalokula sahani moja na hayo hayo. Sisemi kwamba walinyamazishwa. Nasema kwamba ni vigumu kumpiga picha jirani yako mfereji wake ukiwa mkavu, wakati mwezi ujao mtakuwa naye meza moja mkiomba fedha za mfadhili mmoja. Mwandishi anayejitolea hana mkubwa wa kumfukuza, ni kweli. Lakini pia hana wa kumlinda.

Na swali la nne ni letu, watu wa mitambo. Aprili 2011 kampuni ya Cisco, iliyokuwa imenunua watengenezaji wa Flip miaka miwili tu kabla, iliifunga biashara ile yote. Kamera iliyokuwa msingi wa mafunzo ikawa haiuzwi tena. Bahati nzuri simu zilikuwa zikikua upesi zikachukua nafasi yake. Lakini fikirieni ni vyumba vingapi vya habari vya mitaani duniani vimejengwa juu ya kifaa au tovuti ya mtu mwingine, ikafungwa kwa tangazo la aya mbili kutoka California.

Kilichobaki

Nimeuliza mara nyingi: baada ya miaka hii yote, ni nini kilichodumu? Jibu langu ni kwamba kilichodumu ni kile kilichowekwa mahali ambapo hakuna shirika moja lenye ufunguo. Data ya Kibera imo ndani ya OpenStreetMap mpaka leo. Tangu 2012 data hiyo iko chini ya leseni ya ODbL, kwa hiyo mimi na wewe tunaweza kuipakua usiku wa leo bila kumwomba mtu ruhusa, na mkazi wa Lindi anaweza kurekebisha jina la kichochoro chake kesho asubuhi. Kila badiliko linaachwa na tarehe na jina la aliyelifanya. Safu ya "hali" na safu ya "nani aliangalia, lini" ziko pale, bila mkubwa wa ofisi wa kuzifuta.

Umuhimu wake ulionekana kwenye shule. Shule nyingi za Kibera ni za kijamii: zimeanzishwa na makanisa, vikundi, au mwalimu mmoja mwenye moyo. Kwa rejista ya serikali nyingi hazikuwako. Vijana wa ramani walirudi wakazipitia moja moja, kupitia mradi waliouita Open Schools Kenya, wakaandika jina, mahali, idadi ya wanafunzi, walimu, picha.

Halafu tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road. Maelfu ya watu walibaki nje na vyombo vyao, na shule pia zilianguka. Ramani haikuzuia tingatinga hata moja, tusidanganyane. Lakini aliyetaka kuuliza ni shule zipi zilizokuwa kwenye njia ile, na watoto wangapi, alikuwa na mahali pa kuanzia ambapo hapakuandikwa na mwenye tingatinga. Mwaka 2008 asingekuwa nalo. Angeambiwa hapakuwa na shule pale, na angekosa la kujibu.

Sheria nazo zimesogea. Mwaka 2013 Kenya ilipata sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, ikakaa kabatini kwa zaidi ya miaka kumi, hatimaye ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990. Vikundi vya mitaani navyo vilipata sheria yao ya kuandikishwa mwaka 2022. Ni vyema. Lakini sheria huuliza kama umewasilisha hesabu. Haiingii kichochoroni Mashimoni kufungua mfereji ione kama unatoa maji.

Kwa wenzangu wa programu

Nimejifunza nini mimi, mtu wa kuandika msimbo? Kwanza, Kibera programu ilikuwa sehemu ndogo. Ushahidi ilitengenezwa kwa siku chache. Kuthibitisha taarifa moja, kwa miguu, kwenye matope, kulichukua asubuhi nzima. Tukipanga miradi tunaweka fedha zote kwenye zile siku chache na kuiacha ile asubuhi ijitolee yenyewe.

Pili, neno "kujitolea" lisitumiwe kuficha gharama. Lipeni nauli. Lipeni data ya simu. Mtu anaweza kutoa muda wake kwa hiari na bado asitoe chakula cha watoto wake.

Tatu, wekeni kazi mahali ambapo itabaki shirika likifa. Mashirika hufa, yetu sote yatakufa. Rekodi huria na nakala nyingi ndiyo kinga ninayoijua.

Na la nne ni langu binafsi. Mwaka jana nilipata kazi nyingine inayofanana na ile niliyowasimulia mwanzoni. Shirika jingine, hifadhidata nyingine. Nikaweka tena safu ya "hali", na tarehe, na jina la aliyekwenda kuangalia. Kikaoni nikaulizwa ni ya nini. Nikawaambia kuhusu vijana wa Kibera na vipokezi vyao vya GPS, kama nilivyowaambia ninyi, ila kwa ufupi. Mama mmoja wa makamo, mhasibu wao, aliitazama skrini kwa muda, akasema, "Basi tuiache. Ila nani ataijaza?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kuna kijana anaishi karibu na mfereji wenyewe. Tumtafute.